Ng'amba, Digrii na Karatasi ya A4

Baharini hakuna ukuta wala uzio. Kisiwa cha Shungimbili, wilayani Mafia, kilitangazwa kuwa eneo tengefu mwaka 2007, pamoja na Nyororo na Barakuni, chini ya sheria ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994. Mvuvi akipita na mashua anaweza asione alama yoyote juu ya maji. Mpaka wa majini hufahamika kwa latitudo na longitudo, na namba hizo lazima zifike kwenye karatasi zikiwa salama. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, takribani mita 1,852. Tarakimu ikimezwa na ukingo wa karatasi, mpaka umehama.

Tuseme ofisa wa doria ana orodha ya vituo kuzunguka kisiwa. Kila mstari una tarehe, saa, latitudo, longitudo na alichokiona: kasa, ng'amba, papa potwe, nyavu zilizotelekezwa. Namba zimetoka kwenye GPS, maelezo mengine ameyanakili kutoka Word, na vyote amevihifadhi kama maandishi matupu, faili lile linaloishia na txt. Anakwenda na fleshi hadi steshenari ya Kilindoni. Karatasi inatoka: safu zimepinda, nusu ya mistari imekatika, na ng'amba amegeuka kuwa "ng’amba".

Printa haina kosa. Faili la maandishi matupu halina ukurasa. Halina upana, urefu, pambizo wala fonti. Lina herufi zinazofuatana na alama za mwisho wa mstari, basi. Ni jora la kitambaa ambalo halijakatwa. Kuligeuza liwe ukurasa ni kazi ya maamuzi, na lisiloamuliwa na mwenye faili litaamuliwa na programu.

Uamuzi wa kwanza ni upana. Mazoea ya mistari yenye herufi 80 yametokana na kadi za matundu ambazo IBM ilizitoa mwaka 1928, na hadi leo programu nyingi zinayafuata. Wachapaji hupima kwa pointi, ambazo 72 hufanya inchi moja. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297, yaani takribani pointi 595 kwa 842. Katika fonti ya Courier ya pointi 12, kila herufi huchukua pointi 7.2, iwe i au m. Herufi 80 zinakula pointi 576. Zinabaki 19, kama milimita 3 kila upande, na printa nyingi za ofisini haziwezi kuchapa karibu hivyo na ukingo. Hapo ndipo longitudo inapokatwa, au inapokunjwa na kuangukia mstari wa chini.

Ukishusha fonti hadi pointi 10, mstari uleule unachukua pointi 480, na pambizo zinakuwa za milimita 20 hivi kila upande. Kwa nafasi ya pointi 12 kutoka mstari hadi mstari, na pambizo kama hizo juu na chini, ukurasa mmoja unabeba mistari 60. Kama orodha ina safu nyingi zaidi, afadhali karatasi ilazwe kuliko kuendelea kupunguza fonti.

Kuna mtego mwingine hapo. Programu nyingi zilizotengenezwa Marekani huanza na karatasi ya Letter, ambayo ni pana kuliko A4 kwa milimita 6 na fupi kwa milimita 18. Ukurasa uliopangwa kwa Letter ukichapwa kwenye A4 bila kupunguzwa, ukingo wa kulia unaweza kuliwa.

Aina ya fonti nayo si pambo. Safu zilizonyooshwa kwa kubonyeza nafasi hubaki wima pale tu ambapo herufi zote zina upana mmoja. Ukiweka Times New Roman, i inajibana, m inatanuka, na safu ya latitudo inayumba. Kitufe cha tabu kinaongeza utata: programu moja huruka hadi kila nafasi ya nane, nyingine ya nne. Ni salama kugeuza tabu zote kuwa nafasi za kawaida kabla ya kuchapa.

Sasa turudi kwa ng'amba. Kiswahili kina bahati katika kompyuta. Herufi zake zote zimo katika ASCII, msimbo uliotolewa mwaka 1963 na kuongezewa herufi ndogo mwaka 1967. Hata kidoto cha ng', yaani ritifaa, kimo, namba 39. Taabu huanza pale Word au simu inapokibadilisha kiwe alama ya kunukuu iliyopinda. Hiyo haimo katika ASCII. Katika UTF-8, mfumo ambao Ken Thompson na Rob Pike waliubuni mwaka 1992, huandikwa kwa baiti tatu: 226, 128 na 153. Programu inayodhani kila baiti ni herufi kamili inachapa herufi tatu za ajabu. Alama ya digrii huvamiwa vivyo hivyo: ina baiti mbili, na ikisomwa vibaya huota herufi Â  mbele yake, ikaharibu kila mstari wa orodha.

Mwisho wa mstari una historia yake pia. Windows huweka alama mbili, namba 13 ya kurudi mwanzo wa mstari na namba 10 ya kushuka chini. Linux huweka 10 peke yake. Faili la Linux likipelekwa moja kwa moja kwenye printa ya kizamani, kila mstari unashuka bila kurudi kushoto, na maandishi yanateremka kama ngazi hadi nje ya karatasi.

Maamuzi hayo yakikamilika, programu huyaandika kwa lugha ya ukurasa. Iliyovuma zaidi ni PostScript ya kampuni ya Adobe, iliyotolewa mwaka 1984 na kuingia kwenye printa ya Apple LaserWriter mwaka uliofuata. Faili la PostScript ni programu yenyewe: nenda pointi kadhaa kutoka kona ya chini kushoto, chora maneno haya, toa ukurasa. Maneno hufungwa ndani ya mabano, kwa hiyo orodha yenye "a)" na "b)" inaweza kuivuruga printa, isipokuwa programu ya kugeuza itangulize mkwaju wa nyuma kabla ya kila bano lisilo na mwenzake.

Kwenye Linux, kazi hiyo imefanywa miaka mingi na enscript na a2ps, ambayo kwa kawaida hupanga kurasa mbili kwenye karatasi moja iliyolazwa. Zote mbili zilizaliwa kabla UTF-8 haijaenea na haziielewi vizuri. Programu ya paps inaielewa, na inaweza hata kupanga utenzi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mtumiaji wa Windows anaweza kufungua faili katika LibreOffice, akachagua UTF-8, fonti ya upana mmoja na A4, kisha akatoa PDF.

PDF, iliyotoka mwaka 1993 na kuwa kiwango cha ISO mwaka 2008, ndiyo inayofaa kupelekwa steshenari, mradi fonti zimefungashwa ndani yake. Hapo kompyuta ya Kilindoni na ya Dar es Salaam zitatoa ukurasa uleule. Kabla ya kutoa nakala nyingi, ichapwe karatasi moja na ilinganishwe na faili, hasa safu ya mwisho kulia. Kila ukurasa uwe na namba yake, jumla ya kurasa na vichwa vya safu.

Faili la txt lisifutwe baada ya hapo. PDF hukumbuka mahali pa kila herufi, wala si lazima ijue kwamba namba hizi ni safu moja. Ukinakili jedwali kutoka humo, mara nyingi linarudi limevurugika. Namba zikihitajika tena kwenye ramani, zichukuliwe kwenye faili la awali.