Mitambo ya Mawasiliano katika Filamu za Kisayansi: Kisa cha Neno Moja

Mwanaisimu anayetazama filamu za bunilizi ya kisayansi hakawii kutambua kwamba watungaji wake wameushughulikia mtambo kuliko mazungumzo yanayopita ndani yake. Katika Metropolis, filamu ya Fritz Lang iliyotoka Ujerumani mwaka 1927, bwana wa mji anamwamuru msimamizi wa mitambo kwa simu yenye picha iliyo ukutani. Mkubwa anaagiza, mdogo anaitika, basi.

Miaka 41 baadaye, Stanley Kubrick alirudia wazo hilo katika 2001: A Space Odyssey. Dakta Floyd, akiwa katika kituo cha angani, anaingia kibandani, anaongea na binti yake aliyeko duniani huku akimwona, kisha mtambo unamdai dola 1.70. Kibanda kina alama ya Bell System, kampuni ya simu ya Marekani iliyovunjwa mwaka 1984; mwaka unaotajwa katika jina la filamu ulipowadia, haikuwapo tena. Picha ilibashiriwa sawasawa, mfuko haukubashiriwa: Floyd hana budi kuifuata simu mahali ilipo. Binti, alipoulizwa zawadi ya siku ya kuzaliwa, alitaka simu. Alipoambiwa kwamba nyumbani ziko nyingi, akaomba komba. (Nakiri kwamba ombi hili la pili hunifurahisha kuliko kituo kizima.)

Katika filamu zote mbili wasemaji wana lugha moja. Swali gumu limerukwa.

Arrival, filamu ya Denis Villeneuve ya mwaka 2016 iliyotokana na hadithi ya Ted Chiang, hairuki swali hilo. Vyombo 12 vya wageni kutoka angani vinafika sehemu 12 za dunia, Sudan na Sierra Leone zikiwamo. Wataalamu wa nchi hizo wanapashana habari kwa skrini, mpaka wageni, ambao huandika kwa alama za mviringo, wanapotoa alama inayofasiriwa kuwa “silaha”. Hapo nchi moja baada ya nyingine inajitoa. Hakuna waya uliokatika wala mtambo ulioharibika. Louise Banks, mwanaisimu, anashikilia kwamba huenda alama hiyo yamaanisha kifaa tu. Tena ameng’amua kwamba Wachina wanazungumza na wageni kwa njia ya mchezo wa mahjong. Na aliyefundishwa kwa mchezo wa mashindano atalielewa kila jambo kama kushinda au kushindwa.

Hapa Kiswahili kina la kusema. Tuna zana za kilimo na zana za vita. Kiingereza, kwa kawaida, humsukuma mfasiri kuchagua mapema kati ya jembe na bunduki. Mfasiri wetu angeandika “toeni zana”, na wakubwa wangelazimika kumwuliza: zana za nini? Hatari yote ya filamu hiyo inatokana na kutoulizwa kwa swali hilo.

Mwishoni, kinachoizuia vita ni simu ya setilaiti. Louise anampigia jemadari wa China na kumwambia maneno ya mwisho ya marehemu mkewe. Anayasema kwa Kichina, na filamu haikuyatafsiri.