Deni la Kodi ya Ardhi na Majengo: Hatua Zinazofuata Mmiliki Anapochelewa Kulipa

Na Mwandishi Wetu

Wamiliki wengi wa viwanja na nyumba hutambua kuwa wanadaiwa kodi siku wasiyoitarajia: mnunuzi anapotaka kuona stakabadhi kabla ya kutoa fedha, benki inapokagua hati kabla ya kuidhinisha mkopo, au warithi wanapofika ofisi ya ardhi kubadilisha jina la marehemu. Siku hiyo, fedha ambazo zingelipwa kidogo kidogo kila mwaka hudaiwa zote kwa mkupuo.

Kodi zinazohusika ni mbili, na kulipa moja hakuondoi wajibu wa kulipa nyingine. Kodi ya majengo hutozwa kwenye jengo. Kodi ya pango la ardhi hutozwa kwenye kiwanja au shamba lililomilikishwa, kwa kuwa ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma iliyo chini ya udhamini wa Rais, na mwenye hati hupewa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Mwananchi anayeona makato kwenye umeme wake asidhani kuwa amekwishalipia na kiwanja.

Kodi ya majengo

Tangu Agosti 2021, kodi hii hukatwa mteja anaponunua umeme wa LUKU. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, nyumba ya kawaida hukatwa Sh. 1,500 kwa mwezi, sawa na Sh. 18,000 kwa mwaka. Jengo la ghorofa lililo katika jiji, manispaa au halmashauri ya mji hukatwa Sh. 7,500 kwa mwezi kwa kila ghorofa.

Kutonunua umeme hakusimamishi kodi. Nyumba ya kawaida iliyokaa miezi minne bila kununua hudaiwa Sh. 6,000, na makato hayo hufanyika umeme unaponunuliwa tena. Ndiyo maana mpangaji anayehamia katika nyumba iliyokuwa tupu anaweza kupata uniti chache kuliko alivyotarajia. Mdaiwa halisi ni mwenye nyumba. Hivyo mpangaji atunze stakabadhi zake na kukubaliana na mwenye nyumba namna ya kurejeshewa au kupunguziwa katika kodi ya pango la nyumba.

Wazee wenye umri wa miaka 60 na zaidi na watu wenye ulemavu, wasio na kipato, wanastahili msamaha kwa nyumba moja wanayoishi. Anayestahili, au anayekatwa katika mita zaidi ya moja kwa nyumba ileile, atoe taarifa kwa mamlaka husika ili rekodi zirekebishwe, kwa sababu mita haina namna ya kumtambua mwenye msamaha.

Kodi ya pango la ardhi

Deni la kodi hii halina mita ya kulikumbusha. Mwaka wake huanza Julai 1, na anayechelewa huongezewa riba. Hatua ya kwanza ya Serikali ni kumpelekea mmiliki ilani ya madai inayotaja kiasi na muda wa kulipa. Akikaa kimya, anaweza kufikishwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako amri ya kulipa inaweza kufuatiwa na kukamatwa na kuuzwa kwa mali yake.

Hatua nzito kuliko zote ni kufutiwa milki. Kutolipa kodi ya pango ni kuvunja sharti la umiliki, na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inampa Rais mamlaka ya kufuta milki kwa sababu hiyo, baada ya mmiliki kupewa ilani. Milki ikifutwa, ardhi hurejea serikalini na inaweza kumilikishwa mtu mwingine.

Mwaka 2022 Serikali ilitoa msamaha wa riba kwa wadaiwa waliolipa deni la msingi. Msamaha wa namna hiyo huwa na ukomo wa muda, nao haukufuta deni lenyewe. Kusubiri mwingine ni kubahatisha mali.

La kufanya

Mmiliki anayehisi kuwa anadaiwa afike ofisi ya ardhi ya halmashauri yake akiwa na hati au namba ya kiwanja, apewe hesabu ya deni na kumbukumbu namba ya malipo. Malipo yafanyike kwa namba hiyo tu, benki au kwa simu, kamwe si kwa kumkabidhi mtu fedha taslimu. Aliyehama aache anwani na namba ya simu inayotumika, kwani ilani hupelekwa kwa anwani iliyomo kwenye jalada. Asiyeweza kulipa kwa mara moja aeleze hali yake mapema, kabla shauri halijafika barazani.

Familia zilizofiwa nazo zisisubiri mirathi ikamilike ndipo ziulize. Deni haliishii kwa marehemu. Huendelea kukua juu ya kiwanja kilekile ambacho watoto wanatarajia kukirithi.