Namba Tasa Haianzii na Moja

Safu yetu ya istilahi safari hii inahusu neno lililomkosesha mwanafunzi mmoja alama. Mwanafunzi huyo alisoma shule ya msingi Bukavu kwa Kifaransa, kisha familia yake ikahamia makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Katika jaribio la hisabati mjini Mbarara aliandika kwamba namba tasa ya kwanza ni 1. Alikuwa ameielewa "nombre premier" kuwa ni "namba ya kwanza", na ya kwanza ni ipi kama si 1? Nilipomweleza kuwa Kiswahili huiita "tasa", wenzake waliangua kicheko.

Namba tasa ni namba nzima yenye vigawo viwili tu: 1 na yenyewe. Hivyo 2, 3, 5, 7 na 11 zimo. Namba 1 ina kigawo kimoja, kwa hiyo haimo. Huu si ubishi wa bure. Ukiacha mpangilio, 60 ni zao la namba tasa kwa njia moja tu: 2×2×3×5. Tukiikubali 1, tutaandika pia 1×2×2×3×5, halafu 1×1×2×2×3×5, bila kikomo. Mimi binafsi naona "tasa" ni jina la kuzionea namba hizi, kwani namba nyingine zote zinazozidi 1 zimezaliwa nazo! Lakini neno limeshazoeleka katika vitabu vya Tanzania, basi tulitumie.

Mfupa uliochimbuliwa mwaka 1950 huko Ishango, kando ya Ziwa Edward upande wa Kongo, una safu moja yenye mikato 11, 13, 17 na 19, yaani namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Huenda ni sadfa tu.

Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizokuwa zikijulikana: 2 kwa kipeo cha 136,279,841, ukitoa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Tukichapa tarakimu 3,000 kwa ukurasa, zingejaza kurasa zaidi ya 13,000. Namba za umbo hili huitwa za Mersenne, kwa jina la mtawa Mfaransa wa karne ya 17. Ili iwe tasa, kipeo chake sharti nacho kiwe tasa, ila hilo halitoshi: 2 kwa kipeo cha 11, ukitoa 1, ni 2047, ambayo ni 23×89.

Mwanafunzi wetu alitaka kujua tarakimu ya mwisho ya jitu hilo. Kompyuta haihitajiki. Ukizidisha 2 kwa 2 mfululizo, majibu huishia 2, 4, 8, 6, kisha hurudia. Gawanya 136,279,841 kwa 4, hubaki 1. Kwa hiyo zao linaishia 2. Toa 1.

"Ni 1," alisema, "ile ile iliyonikosesha alama."