Kitufe Kisichotii

Mwanafunzi wa Kamunyonge, mjini Musoma, akibonyeza kitufe cha kuongeza mwanga katika kompyuta ya mpakato na kioo kisibadilike, huambiwa kitufe kimekufa. Mara nyingi kitufe ki hai. Aliyekosekana ni mkalimani.

Katika mashine nyingi, kitufe cha namna hii hakikiamuru kioo moja kwa moja. Kidhibiti kidogo kilichomo ndani hutambua kuwa kimebonyezwa, kisha hukipelekea kichakataji ishara ya kukatiza kazi. Mfumo wa uendeshaji huuliza: kuna nini? Hujibiwa kwa namba tupu. Mwaka 1996 makampuni ya Intel, Microsoft na Toshiba yalitoa kanuni ya pamoja iitwayo ACPI, lakini maana ya namba nyingi iliachwa kwa kila mtengenezaji. Aijuaye ni programu ndogo iitwayo kiendeshi.

Kwa kawaida habari za umeme kukatika hupita njia hiyo hiyo. Basi, umeme ukikatika (na nafasi hiyo haikosekani), mwalimu aitazame alama ya betri. Ikibadilika papo hapo, yaelekea njia ni nzima. Atafute kiendeshi cha mashine yake kabla ya kuing'oa kibodi.