Mjeledi wa Adili: Kutisha Kulikofichika katika Hadithi ya Shaaban Robert

Wanafunzi wetu wengi hapa Kampala hukutana na Shaaban Robert kama mshairi na mwalimu wa maadili, na wengi huishia hapo. Mhusika akiitwa Adili tunajua ni mwema. Akiitwa Hasidi hatuhitaji kuuliza. Mwanafunzi huandika katika daftari lake kwamba wema hushinda uovu, hufunga kitabu, na mwalimu humpa alama zake. Katika makala haya tunapendekeza kwamba Adili na Nduguze, kitabu kilichotoka mwaka 1952, kisomwe kwa jicho jingine: kama hadithi ya kiajabu yenye giza ndani yake, iliyotungwa na mtu aliyezifahamu vyema ngano za kale na aliyejua zinavyotisha.

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga, na akafariki mwaka 1962. Sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa karani wa serikali ya kikoloni. Kusadikika kilitoka mwaka 1951, mwaka mmoja tu kabla ya Adili, na walimu wengi hukipenda zaidi kwa sababu siasa yake inaonekana waziwazi. Nadhani ndiyo maana ndugu yake huyu mdogo amekaa kivulini.

Kisa chenyewe ni hiki. Rai, mfalme wa Ughaibuni, anamtuma kijana Ikibali kwenda Janibu, nchi inayotawaliwa kwa niaba yake na liwali Adili, kufuatilia kodi iliyochelewa. Adili ni mtawala anayesifiwa kwa haki na ukarimu. Lakini usiku Ikibali anachungulia na kumwona mwenyeji wake akiwachapa manyani wawili kwa mjeledi, kisha akiwahurumia. Siri inapofika kwa Rai, Adili anaitwa pamoja na manyani wake aeleze. Hapo tunaambiwa kwamba manyani hao ni Hasidi na Mwivu, ndugu zake wa damu. Walimtosa baharini kwa kijicho, wakati wa safari iliyowafikisha katika mji ambao watu wake walikuwa wamegeuka mawe na aliyebaki hai ni binti mmoja, Mwelekevu. Jini Huria, ambaye Adili aliwahi kumwokoa, alimtoa Adili majini na akataka kuwaua ndugu wale. Adili akawaombea. Huria akawaachia uhai, lakini akawageuza manyani na kumwamuru Adili mwenyewe awachape kila usiku.

Tutazame amri hiyo kwa makini. Jini angeweza kuwachapa yeye, lakini kazi hiyo amempa aliyewaombea. Mchana Adili anaamua kesi za watu, na usiku anatoa adhabu asiyoitaka kwa viumbe wasioweza kujitetea kwa maneno. Tena anaifanya kwa siri, maana anajua wazi kwamba raia wakiona hawataelewa. Msomaji anayemwita Adili shujaa tu ameuruka ukurasa unaouma kuliko yote. Jina la Huria nalo si la kupita hivihivi: tunaposema soko huria tuna maana ya soko lisilofungwa, na hapa aliye huru ndiye anayewafunga wengine. Sidhani kwamba mwandishi aliyechagua majina kwa uangalifu kiasi kile hakuliona hilo.

Hadithi hii haikuzuka kichwani mwa mtunzi bila chimbuko. Mifupa yake imetoka katika Alfu Lela Ulela, katika kisa cha Abdallah bin Fadhil na ndugu zake. Huko mfalme ni Harun al-Rashid wa Baghdad, liwali yuko Basra, na wanaochapwa usiku ni mbwa wawili. Shaaban Robert aliwatoa mbwa akaweka manyani, akaondoa Baghdad na Basra akaweka nchi zisizo kwenye ramani yoyote. (Tahadhari kwa walimu: siku hizi neno ughaibuni hutumika kwa Ulaya na Marekani, kwa hiyo usishangae mwanafunzi akidhani Rai ni mfalme wa London.) Badiliko la manyani ni zito kuliko linavyoonekana. Mbwa ni mnyama wa nyumbani na kumchapa hakushangazi wengi. Nyani ana mikono na uso unaofanana na wetu. Anayemchapa anamwona mtu.

Mwisho nao umebadilishwa. Katika kisa cha Kiarabu ndugu wanarudishiwa ubinadamu, wanarudia uovu wao na kujaribu kumuua Abdallah, kisha wao ndio wanaouawa. Shaaban Robert amekataa njia hiyo: kwake ndugu wanarejea kuwa watu na wanasamehewa. Wapo wanaoona huo ni udhaifu, kwamba hadithi imelainishwa. Mimi naona ni uamuzi mgumu zaidi, kwa sababu Adili atakula meza moja na watu aliowachapa, nao wanakumbuka.

Wala kutisha si kitu kigeni kwa masimulizi ya Kiswahili. Askofu Edward Steere alikusanya ngano Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870. Humo kuna habari ya Sultani Majnuni na paka wake. Paka anakula kuku, watu wanashtaki, Sultani anasema paka ni wake na kuku ni wake. Anakula mbuzi, jibu ni lilelile. Anakula watu, na jibu halibadiliki, mpaka anafika kwa watoto wa Sultani mwenyewe. Wakati huo paka si paka tena, ni Nunda mla watu. Mwanafunzi wa Kiganda haitaji kufundishwa mantiki ya namna hii, kwani amekua akisikia jinsi Nambi alivyorudi kuchukua ulezi wa kuku wake na Walumbe, yaani Kifo, akamfuata mpaka kwa Kintu.

Hapo ndipo mwalimu anapopata kazi nzuri ya msamiati. Jini, pepo, zimwi na mzimu si kitu kimoja, ingawa insha nyingi huvichanganya. Jini ni kiumbe mwenye akili na wafalme wake. Pepo humpanda mtu. Zimwi ni jitu la ngano linalokula watu. Mzimu ni roho ya marehemu, na pia mahali pa tambiko. Neno la mwisho lina nduguye katika Luganda, omuzimu, na mwanafunzi akilijua hilo halisahau tena.

Watakaopenda kuendelea na njia hii wasome Nagona ya Euphrase Kezilahabi (1990), Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001), ambamo marehemu anarudi kumsumbua mjukuu wake mkubwa serikalini, na Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila (2002). Ni vitabu vigumu na havifai kuwa vya kwanza. Kwa darasa la mwanzo Adili na Nduguze inatosha, na swali la kufungulia mjadala liwe dogo: je, Ikibali alifanya vyema kuchungulia? Yeye ni mgeni aliyekirimiwa, naye alimchungulia mwenyeji wake usiku kisha akapeleka habari kwa mfalme. Lakini asingechungulia, Hasidi na Mwivu wangebaki manyani.