Pawa Stelingi ya Kuungaunga

Wateja wengi wanaokuja kwangu hapa Unga Limited, Arusha, hufika boksi la stelingi likiwa limeshanunuliwa. Limo ndani ya kiroba, linadondosha oili, na mwenyewe anatabasamu kwa kuwa kalipata kwa bei ya chini. Mimi bei siiulizi. Nauliza gari lililotolewa boksi hilo usukani wake ulikuwa upande gani.

Spea zilizotumika za kutoka Japani zimefunguliwa kwenye magari ya usukani wa kulia, kama yetu. Za Dubai na Sharjah mara nyingi ni za usukani wa kushoto, maana kule wanapita upande wa kulia wa barabara. Ukiyatazama maboksi yenyewe yamelala chini dukani, huoni tofauti haraka. Shida inaanza kwenye chasisi: masikio ya bolti yanaangalia kusikotakiwa, na fundi mwenye haraka akiligeuza ili likae, unaweza kukata kushoto gari likaenda kulia. Hilo ni boksi la kumpelekea mtu wa Rwanda, Burundi au Kongo.

Kazi ninayoifanya zaidi ni kwenye Land Cruiser za 40, zilizotengenezwa kuanzia 1960 hadi 1984. Nyingi zilitoka kiwandani bila pawa. Nguvu ya mikono inapita kwenye boksi, fimbo, kiwiko cha katikati, kisha fimbo nyingine ndipo ifike kwenye gurudumu. Viungo vikilegea, dereva anazungusha usukani kama anapiga makasia. Dawa yake tunaichukua kwenye ndugu yake mdogo, Land Cruiser ya 60, iliyotengenezwa kuanzia 1980 hadi 1990. Boksi lake la pawa likifungwa, kile kiwiko kinaondoka kabisa.

Lakini chasisi ya 40 ni chuma kilicho wazi ndani. Ukikaza bolti kubwa moja kwa moja, kinabonyea, na kesho bolti imelegea. Kwa hiyo tunatoboa upande hadi upande, tunapitisha kipande cha bomba la chuma kwenye kila tundu na kukichomelea, kisha tunaongeza bamba nene kwa nje. Bolti ikae ikibana bomba. Mteja wangu mmoja alifungiwa kwingine bila mabomba hayo. Alipolileta gari hapa, nyufa zilikuwa zimeshaanza kwenye matundu.

Pampu ndiyo inayowachanganya watu. Tairi unajaza upepo 35. Ndani ya bomba la presha, usukani ukikatwa hadi mwisho, kipimo hichohicho kinapita 1,000. Kila pampu imepangiwa presha yake na kiasi chake cha oili. Ya gari dogo la mjini, ukiifunga kwenye Cruiser yenye matairi mapana, itakubali ukiwa mwendoni. Ukija kuegesha, usukani unakuwa mgumu. Yenye kutoa oili nyingi kupita kiasi inafanya usukani uwe mwepesi mno, gari linayumba kwa kugusa tu. Halafu kuna puli: ikiwa ndogo kuliko ya asili, pampu inazunguka kasi isiyoizoea, na isipolingana mstari na ya injini, mkanda unalia na kuisha mapema.

Ncha za bomba la presha nazo zina ujanja wake. Nyingine zinaziba kwa chuma kukalia chuma, nyingine kwa oringi. Uzi unaweza kukubali vizuri na bado oili ikavuja, hata ukaze mpaka spana ipinde. Mimi nampa mtengeneza mabomba ncha zote mbili, ya pampu na ya boksi, aniungie bomba jipya. Bomba la kurudisha oili halina presha kubwa, ila mpira wa rejeta usiuweke hapo, oili inauharibu. Na mafuta ya breki hayajazwi kwenye pawa stelingi hata tone, kwani yanavimbisha sili. Toyota hizi zinatumia oili ya gia otomatiki.

Kabla sijafunga mkono wa boksi, nazungusha boksi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, nahesabu mizunguko, narudi nusu. Pale katikati meno yamebanana zaidi. Magurudumu yakinyooka boksi likiwa pembeni ya hapo, gari litatangatanga barabarani na utalaumu matairi bure.

Mkono wenyewe una meno yanayolingana na boksi lake tu. Kuna wanaoukunja kwa moto ili ufike kwenye fimbo. Mimi gari la namna hiyo siliendeshi.

Kama hujanunua bado, nunua seti nzima ya gari moja: boksi, mkono wake, pampu, puli na mabomba yote mawili. Boksi lisilo na mkono wake liache dukani, hata wakupunguzie bei.