Utulivu Darasani si Ushahidi wa Kuelewa

Watu wakisikia kwamba lisee (shule ya sekondari) ya wasichana ya Kikatoliki mjini Bunia imempata mwalimu wa elimu maalum, wengi hufikiri kwamba sasa shule itawapokea watoto waliokuwa nje: msichana wa kiti cha magurudumu, msichana asiyeona, msichana kiziwi. Wapokelewe, tena walichelewa kupokelewa. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya Februari 2006, katika kifungu cha 49, inawapa watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa hatua maalum. Kongo ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2015, na sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 ikaja kuzieleza haki hizo kwa upana zaidi. Katika hilo hatuna ubishi. Ninalotaka kulitetea hapa ni jambo jingine, ambalo halizungumzwi sana: sehemu kubwa ya kazi ya mwalimu huyu inawahusu wasichana walio tayari darasani. Ni yule anayeketi nyuma, sare safi, daftari limepangwa vizuri, hasumbui mtu, na mwisho wa mwaka anafeli bila yeyote kujua kwa nini. Wazazi wanaambiwa hana akili, au ni mvivu. Mara nyingi si hili wala si lile, na mtu wa kuligundua hilo ni mwalimu aliyesomea kuligundua.

Shule ya wasichana huwaficha watoto wa namna hii kuliko shule nyingine, na sababu yake iko katika mambo tunayoyasifu. Masista na walimu wa lisee hulea wasichana katika nidhamu, ukimya wakati wa somo, heshima kwa mkubwa. Nidhamu hiyo imewajenga wanawake wengi wa mkoa wetu wa Ituri na sina nia ya kuibeza. Lakini msichana asiyesikia vizuri na msichana mwenye nidhamu wanafanana kabisa ukiwatazama kutoka ubaoni: wote wawili wamenyamaza, wanamtazama mwalimu usoni. Mvulana asiyeelewa hurusha chaki, hupigana, hutoka nje, na kwa fujo zake shule inalazimika kuuliza ana nini. Msichana aliyefundishwa nyumbani na shuleni kwamba uzuri wake ni utulivu hunakili ya jirani na kusubiri kengele. Mwaka 1990 daktari Sally Shaywitz na wenzake walichapisha utafiti wao wa Connecticut, Marekani, ambako waliwapima wenyewe watoto wa kundi zima badala ya kutegemea majina waliyopewa na walimu. Walikuta wasichana wenye ugumu wa kusoma wanakaribiana kwa idadi na wavulana. Katika orodha za shule zenyewe, wavulana walikuwa wengi kupita kiasi. Kama ilikuwa hivyo katika nchi yenye wataalamu shuleni, darasa la Bunia lililojaa na lenye mwalimu mmoja haliwezi kudai kwamba linawaona wasichana wake wote.

Chukua kusikia. Mtoto aliyeugua homa ya uti wa mgongo, au aliyechomwa sindano za gentamisini alipokuwa mchanga, au ambaye masikio yake yametoa usaha miaka na miaka, mara nyingi hawi kiziwi kabisa. Anasikia mlango ukigongwa, anaitika akiitwa kwa sauti, kwa hiyo nyumbani wanaapa kwamba anasikia. Kinachopotea kwa wengi wao ni konsonanti nyepesi, zile zisizo na nguvu ya sauti: s, f, t, k. Irabu zinabaki. Sasa mwalimu aseme maneno saa, taa, kaa na faa bila kuonyesha midomo: kwa msichana huyu yote manne ni neno moja. Maadamu mwalimu anamtazama, atasoma midomo na kubahatisha kutokana na maana ya sentensi, na anaweza kubahatisha vizuri ajabu. Mwalimu akigeuka kuandika ubaoni huku akizungumza, somo limekwisha kwake. Ndiyo maana alama zake za imla ni mbaya na alama zake za kunakili ni nzuri, na tofauti hiyo peke yake ingetosha kumshtua anayejua kuisoma. Kumpima kwa mara ya kwanza hakuhitaji mashine. Unasimama hatua moja nyuma yake, unaziba sikio lake moja, unasema maneno kwa sauti ya chini, anayarudia. Anayekosea anapelekwa hospitali akaangaliwe masikio. Pengine ni nta au usaha unaotibika. Kumketisha mbele, mbali na dirisha la barabarani, na kumwomba kila mwalimu asizungumze akiwa amewapa wanafunzi mgongo, hakuna gharama hata ya faranga moja.

Kusoma ni jambo gumu zaidi kulipambanua, na hapa Bunia ina hali yake. Mtoto wetu huanza na Kiswahili, mara nyingi baada ya lugha nyingine ya nyumbani, iwe Kilendu, Kihema, Kibira au Kialur, kisha anabebeshwa Kifaransa, na kwenye lisee karibu kila mtihani uko kwa Kifaransa. Msichana asiyeweza kusoma kitabu cha Kifaransa anaweza kuwa na shida ya Kifaransa, shida ya macho, shida ya kusoma kwenyewe, au amekosa tu miaka ya shule. Tiba za shida hizo nne hazifanani. Mwalimu wa elimu maalum huanza kwa kumpa maandishi ya Kiswahili. Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, kwa hiyo aliyefundishwa silabi akazishika atasoma hata neno asilolijua. Kifaransa ni kinyume: herufi tatu za "eau" zinatoa sauti moja, na "ent" mwishoni mwa kitenzi cha wingi kwa kawaida haitamkwi. Akisoma Kiswahili bila shida na kukwama katika Kifaransa, anahitaji mafunzo ya Kifaransa, si zaidi. Akisoma Kiswahili kwa kujikokota, silabi moja moja, akachanganya "ba" na "da", ilhali ukimsomea wewe habari ile ile anaieleza vizuri na kujibu maswali, hapo kuna dalili ya ule ugumu wa kusoma uitwao disleksia, na akili yake haina kasoro. Huyo asaidiwe kwa mazoezi ya sauti na silabi ya muda mrefu, aongezewe dakika za mtihani, asilazimishwe kusoma kwa sauti mbele ya wenzake. Kwa macho, ubao wa herufi E zilizogeuzwa huku na huku, akiwa mita 6, unampa mwalimu jibu kabla ya chakula cha mchana.

Kuna pia kifafa, ambacho Ituri inakijua kuliko mikoa mingi. Katika zoni ya afya ya Logo, teritwari ya Mahagi, watafiti wamekuta kifafa kikiwa kingi mno katika vijiji vilivyo karibu na mito yenye maji ya kasi, mahali wanapozaliana usubi, wale inzi wadogo weusi wanaoeneza upofu wa mtoni. Mtoto aliyekuwa mzima huanza kupata kifafa kati ya umri wa miaka 3 na 18, yaani katika miaka yake ya shule. Familia za Mahagi na Djugu zimehamia Bunia kwa sababu ya vita, na binti zao wako katika madarasa ya mji. Kifafa cha kuanguka kila mtu anakiona, na kwa kuwa wengi bado wanaamini kwamba mate ya mgonjwa yanaambukiza, msichana akianguka mara moja tu darasani anaweza asirudi tena shuleni. Kifafa cha kimya hakionekani: kalamu inasimama, macho yanaganda sekunde chache, kisha anaendelea kuandika akiwa amepoteza nusu ya sentensi. Akifanya hivyo mara nyingi kwa siku, ataitwa mwenye ndoto za mchana. Shule inapaswa kujua mambo machache na kuyajua kwa hakika. Anayeanguka alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala kitu chochote mdomoni, na degedege ikizidi dakika 5 apelekwe hospitali. Kifafa hakiambukizi. Dawa kama fenobabitali humezwa kila siku, na msichana wa bweni anahitaji mtu mzima wa kuhakikisha kwamba haikatizwi. Mwalimu wa elimu maalum ndiye wa kuwafundisha wenzake hayo, kisha wanafunzi, kisha wazazi.

Wapo watakaosema kwamba hapa kwetu kila mtoto ni wa elimu maalum. Vita vya 1999 hadi 2003, mauaji yaliyorejea Djugu mwishoni mwa 2017, hali ya kuzingirwa, yaani mkoa kuwekwa chini ya wanajeshi, iliyotangazwa Mei 2021: nani aliyetoka salama? Pingamizi hili lina uzito, na anayelitoa ana huruma. Lakini linatuongoza vibaya. Msichana aliyekaa kambini miaka 3 bila darasa hana ulemavu. Amekosa shule, na nchi hii ina vituo vya kufidia masomo, ambavyo vinafundisha miaka 6 ya msingi kwa miaka 3. Ukimwita mlemavu wa akili umemdhulumu. Msichana asiyelala usiku kwa sababu ya aliyoyaona anahitaji mtu wa kumsikiliza kwa uvumilivu, na pengine tabibu. Na yule ambaye sikio lake limeharibika akiwa mkimbizi, ukisema "ni mambo ya vita, yatapita", umemdhulumu vilevile, kwa maana hayatapita. Kadiri majeraha yanavyozidi katika mji, ndivyo anavyohitajika zaidi mtu wa kuyatenganisha.

Pingamizi la pili linatoka ndani ya Kanisa lenyewe, na linaheshimika. Wakatoliki wa Afrika ya Kati na Mashariki walijenga vituo vya peke yake kwa watoto hawa muda mrefu kabla ya serikali kuwakumbuka: Padri Joseph Fraipont alianzisha Gatagara nchini Rwanda mwaka 1960, na shule ya viziwi ya Tabora nchini Tanzania ilifunguliwa mwaka 1963. Kwa nini basi tusifuate njia hiyo, watoto wawe na wataalamu wao na lisee ibaki na kazi yake? Kwa kiziwi kabisa nakubaliana na nusu ya hoja. Lugha ya alama haikui kwa mtu mmoja. Msichana kiziwi aliyewekwa peke yake kati ya wasikiao hamsini yuko shuleni kwa jina tu. Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi mwenyewe, alilielewa hilo alipoanza kazi Ghana mwaka 1957 na kuanzisha shule za viziwi katika nchi nyingi za bara hili, Kongo ikiwamo, hadi alipofariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987. Lisee ikimpokea kiziwi, ipokee kikundi, pamoja na mwalimu anayejua alama, na ikiwezekana mwalimu huyo awe kiziwi. Lakini wasichana niliowaeleza hapo juu hawatakwenda kituoni kamwe. Hakuna kituo kitakachompokea mtoto wa disleksia au mwenye sikio moja linalosikia, na hakuna sababu ya kumtoa kwao kumpeleka huko. Wao ama wanasaidiwa katika lisee yao, ama hawasaidiwi popote.

Imebaki fedha, na sitaki kuipita haraka, kwa sababu ndiyo inayokwamisha. Elimu ya bure iliyoanza Septemba 2019 ni ya shule ya msingi. Kwenye lisee wazazi bado wanalipa. Shule zetu zina walimu wa NU, yaani wanaofundisha huku majina yao hayajaingia katika orodha ya mishahara ya Serikali, na prefe, yaani mkuu wa lisee, anayeombwa kumlipa mwalimu asiye na darasa lake mwenyewe ana haki ya kuguna. Hata hivyo tuhesabu na gharama ya upande wa pili. Msichana anayerudia darasa analipiwa mara mbili kwa mwaka ule ule wa masomo. Akirudia tena, baba anapiga hesabu zake, na katika familia yenye uwezo wa kusomesha wawili kati ya watoto wanne, binti aliyefeli ndiye wa kwanza kubaki nyumbani, na baada ya muda mfupi kuolewa. Shule inapoteza ada, familia inapoteza miaka iliyokwisha kulipiwa.

Isitoshe, hakuna anayesema kila lisee iwe na mtu wake. Mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 kati ya Serikali na makanisa yaliziacha shule hizi ziwe za umma huku Kanisa likizisimamia, na jimbo la Kikatoliki lina ofisi ya uratibu yenye mamlaka juu ya shule zake zote. Mwalimu mmoja aliye chini ya ofisi hiyo anaweza kuzungukia shule kadhaa za mji kwa zamu. Kenya ilianza vituo vya kuwapima watoto mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, ikafungua taasisi ya kuwafunza walimu wa elimu maalum mwaka 1986; Uganda, ng'ambo ya Ziwa Albert, inawafunza katika Chuo Kikuu cha Kyambogo. ISP ya Bunia, chuo chetu cha ualimu, ingeweza kuanza na kozi fupi kwa walimu waliopo. Mwaka wa shule unaanza Septemba. Kuwapima masikio, macho na usomaji wasichana wote wapya wa lisee moja ni kazi ya wiki chache tu, na inaweza kumalizika kabla ya mtihani wao wa kwanza, wakati ambapo kubadilisha benchi, kununua miwani au kutibu sikio bado kunaweza kuuokoa mwaka mzima wa msichana.